Waganga Mbalimbali, Mgonjwa Mmoja

Machi 2017 madaktari wa Kenya walirejea kazini baada ya mgomo wa siku 100. Juni wakatoka wauguzi, wasirudi hadi Novemba. Walidai haki zao, nami siwalaumu. Bali mgonjwa, awe wa Kisii au Nyamira, hakujali nani kagoma. Alikosa tiba mara mbili.

Mazoea ya kila kundi kwenda kivyake, naona mimi, huanzia masomoni. Daktari hutoka chuo kikuu. Matabibu na wauguzi wengi hutoka KMTC, chenye matawi Kisii na Nyamira. Aghalabu hukutana wodini, kila mmoja keshajua cheo chake kabla ya kuijua kazi ya mwenziwe.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanafunzi wa fani mbalimbali wafunzwe pamoja, wafunzane. Shauri jema. Mwanafunzi wa udaktari aliyefunzwa na mkunga kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, hatampuuza akimwamsha usiku wa manane.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi vidole na vizoeshwe kushikana mapema, vingali vyepesi kukunjika.