Fainali ya raga Australia: mpaka ulifunguliwa kwa nani?

Jumapili, tarehe 3 Oktoba 2021, saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Penrith Panthers na South Sydney Rabbitohs waliingia uwanjani mjini Brisbane kucheza fainali ya NRL, ligi kuu ya raga ya Australia. Kule ilikuwa jioni. Penrith wakashinda kwa alama 14 dhidi ya 12.

Timu zote mbili ni za Sydney. Brisbane iko jimbo jingine, Queensland, safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 900. Tangu NRL ianze mwaka 1998, fainali yake ilikuwa haijawahi kutoka Sydney. Mwaka 2021 ilihamishwa na corona. Tena si fainali peke yake: mechi zote tisa za hatua ya mtoano zilichezwa Queensland, huku mashabiki wengi wa timu hizo wakiwa wamefungiwa majumbani kwao.

Tunajua wengi wenu ni watu wa soka, na raga mnaisikia zaidi Kenya inapocheza ile ya wachezaji saba. Lakini habari hii ina swali ambalo kila aliyewahi kurudishwa kwenye kizuizi cha polisi mwaka 2020 au 2021 alijiuliza. Serikali ikifunga njia, nani anapitishwa?

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa kifupi. Hii ni raga ya wachezaji 13 kila upande. Timu yenye mpira ina nafasi sita: mchezaji akikabwa na kuangushwa inahesabiwa moja, na zikiisha sita mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, hiyo ni trai, alama 4. Baada ya trai unapewa teke la nyongeza la alama 2. Hilo teke mlikumbuke, tutalirudia. Mwaka 2021 ligi ilikuwa na klabu 16, na moja kati ya hizo ilikuwa ya New Zealand. Nane za juu zinaingia mtoano, na nne za kwanza zina bahati moja zaidi: zikipoteza mechi ya wiki ya kwanza bado hazijatoka.

Sasa corona. Mwaka 2020, mwezi Machi, ligi ilisimama baada ya raundi mbili tu. Mwenyekiti wa chama kinachoiendesha, Peter V'landys, alijitokeza hadharani kuomba msaada wa serikali, maana ligi ilikuwa haina akiba ya kuishi muda mrefu bila mechi. Ilirudi uwanjani tarehe 28 Mei, ikafupishwa hadi raundi 20, na fainali ikachezwa Oktoba. Melbourne Storm waliwafunga Penrith hao hao, 26 kwa 20.

Kwa nini haraka yote ile? Kwa sababu ya televisheni. Klabu hizi haziishi kwa tiketi za mlangoni. Zinaishi kwa fedha ambazo vituo vya televisheni hulipa ili vionyeshe mechi. Uwanja ukiwa mtupu klabu inaumia, lakini bado inapumua. Mechi isipochezwa kabisa, kituo hakina cha kuonyesha na hakina sababu ya kulipa. Hapo mishahara inakatika kuanzia nyota wa timu hadi anayefua jezi. Ukilielewa hili, utaelewa kila uamuzi uliofuata.

Mwaka 2021 ulianza vizuri, mashabiki wakarudi viwanjani. Kisha kirusi aina ya Delta kikaingia Sydney. Tarehe 26 Juni jiji likafungwa. Kufikia katikati ya Julai ligi ilishaona kwamba ikibaki pale itakwama, ikazihamishia klabu zake za Sydney na majirani zao Queensland, kwenye hoteli zilizogeuzwa kambi. Wachezaji walitoka hotelini kwenda mazoezini, mazoezini kwenda uwanjani, wakarudi hotelini. Hakuna kwenda dukani, hakuna mgeni. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai, Queensland ikaufunga mpaka wake na jimbo zima la New South Wales, ambako ndiko Sydney iliko. Klabu zilikuwa zimeshavuka.

Walidhani wangekaa wiki chache. Walikaa hadi Oktoba.

Wenye mkosi zaidi katika hili walikuwa New Zealand Warriors. Hao waliishi Australia kwa misimu miwili mfululizo, kwa sababu safari ya kwenda na kurudi kwao ilimaanisha karantini kila mara. Watu wa Auckland walikuwa hawajaiona timu yao ikicheza nyumbani tangu mwaka 2019. Mtoano wenyewe hawakufika, lakini bila wao kukubali kuishi ugenini, ratiba ya ligi isingekamilika.

Kuna upande mmoja wa hadithi hii uliotufurahisha sisi watu wa mikoani. Mechi za mtoano, ambazo kwa kawaida huchezwa kwenye majiji makubwa, zilikwenda kwenye miji ya mashambani. Parramatta na Newcastle walicheza Rockhampton, mji wa wafugaji wa ng'ombe wa nyama. Wiki iliyofuata mechi mbili zikachezwa Mackay, eneo la mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Townsville, takriban kilomita 1,300 kaskazini mwa Brisbane, ilipata mbili. Mkulima wa miwa aliyezoea kuwaona wachezaji hawa kwenye kioo cha televisheni safari hii alikaa mita chache kutoka kwao. Huko hapakuwa na maambukizi ya kutisha, na viwanja vilifunguliwa kwa watu. Corona ilifanya jambo ambalo wakuu wa michezo popote duniani hawalifanyi bila kusukumwa.

Upande wa pili hauna raha hiyo.

Mpakani mwa majimbo haya mawili, ufukweni, kuna miji miwili iliyoshikana, Coolangatta upande wa Queensland na Tweed Heads upande wa New South Wales. Mwenye kuijua Namanga au Busia ataelewa mara moja. Mtu analala upande huu na kufanya kazi upande ule, na mama mzazi yuko ng'ambo ya barabara. Mpaka ulipofungwa, vizuizi vya plastiki vilipangwa katikati ya mitaa na polisi wakasimama. Tarehe 5 Septemba, ambayo Australia ni Siku ya Akina Baba, familia zilikutana pale kwenye vizuizi, watoto upande mmoja na baba upande wa pili, wakakumbatiana juu ya plastiki.

Wengine walikuwa na hali ngumu zaidi. Kulikuwa na wakazi halali wa Queensland, wenye nyumba zao kule, waliokwama New South Wales. Hoteli za karantini zilipojaa, tarehe 25 Agosti serikali ya jimbo ilisimamisha kupokea watu kwa wiki mbili. Watu wakabaki kwa jamaa na kwenye nyumba za kupanga, wakisubiri ruhusa ya kurudi nyumbani kwao.

Na siku hizo hizo ikatua ndege kutoka Sydney. Ndani yake walikuwa wake, wenzi na watoto wa wachezaji wa NRL, wamekuja kukaa na waume na baba zao kwa muda uliobaki wa msimu.

Kelele zilizofuata unaweza kuzikisia. Serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Annastacia Palaszczuk, ilijibu kwamba familia zile hazikuchukua chumba cha mtu yeyote, kwa sababu zilikwenda kwenye hoteli za ligi, nje ya mfumo wa karantini wa serikali. Kwa hesabu ya vyumba, jibu hilo lina mantiki. Lakini mtu aliyekwama hakuuliza habari ya vyumba. Alitaka kujua inakuwaje mke wa mchezaji anavuka naye mwenye hati ya nyumba havuki. Kwa hilo hakupata jibu lililomridhisha, na sisi tukilitafuta hatulioni.

Tuseme wazi msimamo wetu. Hatuwalaumu wale wanawake na watoto. Mtu aliyekaa hotelini wiki sita bila kuona mtoto wake ana haki ya kumtamani, na hatudhani kuna msikilizaji wetu angekataa tiketi ile kama angepewa. Hatusemi pia kwamba ligi ilipaswa kuachwa ife. Kuna maelfu ya watu wanaokula kupitia mchezo ule. Tatizo letu ni kwamba serikali iliyoweza kukaa na ligi, kupanga hoteli, ndege, vipimo na ratiba, ilionyesha kwamba njia salama ya kuvusha watu ipo. Ikishapatikana kwa wenye fedha za televisheni, mtu wa kawaida ana haki ya kudai naye apangiwe, hata kama ni kwa foleni.

Turudi uwanjani. Penrith ni mji ulio magharibi kabisa mwa Sydney, chini ya milima ya Blue Mountains. Magharibi hiyo ndiyo iliyobanwa kuliko sehemu nyingine za jiji. Wanaishi huko wafanyakazi wa maghala, wauguzi, madereva, watu wa kazi zisizofanyika kwenye kompyuta sebuleni. Mitaa mingi ya huko iliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kuanzia tarehe 23 Agosti hadi katikati ya Septemba, na wanajeshi walipelekwa kuwasaidia polisi. Wachezaji watatu wa Penrith, Brian To'o, Jarome Luai na Stephen Crichton, wamekulia Mount Druitt, ndani ya eneo hilohilo. Walipokuwa wakicheza Mackay na Brisbane, waliowalea walikuwa ndani.

Na mtoano wao haukuwa wa starehe. Wiki ya kwanza walipigwa na South Sydney, 16 kwa 10. Wakawatoa Parramatta kwa 8 dhidi ya 6. Wakakutana na Melbourne Storm, bingwa mtetezi aliyemaliza msimu kileleni na aliyewahi kushinda mechi 19 mfululizo mwaka huo. Wakamtoa kwa 10 dhidi ya 6. South Sydney kwa upande wao walifika fainali bila nyota wao Latrell Mitchell, aliyefungiwa mechi sita mwishoni mwa Agosti kwa kumgonga vibaya Joseph Manu wa Roosters.

Hata siku za mwisho hazikuwa na uhakika. Wagonjwa wachache walipopatikana Queensland wiki ile ya fainali, idadi ya mashabiki ilipunguzwa hadi asilimia 75 ya uwanja, na Townsville ikawekwa tayari iwapo Brisbane ingefungwa. Haikufungwa. Waliingia watu 39,322.

Dakika kama kumi na tatu kabla ya mwisho, alama zikiwa 8 kwa 8, Cody Walker wa South Sydney alirusha pasi ndefu. Crichton aliisoma, akainyaka hewani na kukimbia peke yake hadi mstarini. Ikawa 14 kwa 8. Alex Johnston akarudisha trai moja pembeni kabisa mwa uwanja, 14 kwa 12. Sasa lile teke la nyongeza. Likiingia, sare. Mpigaji alikuwa Adam Reynolds, nahodha, akicheza mechi yake ya mwisho kwa klabu iliyomlea, maana msimu uliofuata alikuwa anahamia Brisbane Broncos. Alipiga akiwa karibu na mstari wa pembeni. Mpira ukapita nje ya nguzo.

Nathan Cleary wa Penrith, aliyekuwa akifundishwa na baba yake mzazi Ivan, alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Ulikuwa ubingwa wa tatu wa klabu hiyo, baada ya 1991 na 2003.

Kwa kawaida timu ikishinda hurudi nyumbani siku ya pili, na mji mzima humiminika kuipokea. Penrith hakukuwa na mapokezi. Watu walipiga honi na kupeperusha bendera kwenye nyua zao. Sydney ilianza kufunguliwa Jumatatu, tarehe 11 Oktoba 2021, kwa wale tu waliokwisha kuchanjwa dozi mbili. Mpaka wa Queensland, wakati huo, ulikuwa bado umefungwa kwa watu wa New South Wales.