Kalenda mpya ya ofisi isimsahau mkulima wa mwani

OFISI nyingi nchini, za umma na za binafsi, zimekuwa zikiacha mifumo ya zamani ya kompyuta na kuhamia mipya. Kwa upande wa Serikali, kazi hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Wakala tangu 2012. Katika kuhama huko barua pepe hushughulikiwa kwanza, na kalenda huachwa ijipange yenyewe.

Kwa ofisi inayohudumia wakulima wa pwani ya Bagamoyo, hilo si jambo dogo. Katika vijiji kama Mlingotini, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, hufunga mbegu na kuvuna wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Ofisa ugani au mnunuzi akifika siku ya maji mafu, hukuta kamba na vigingi viko chini ya maji. Mafuta ya gari yamepotea bure, na mkulima aliyeacha shughuli zake kumsubiri amepata hasara.

Jambo la kwanza la kuangalia ni saa. Mfumo mpya ukiachwa kwenye saa ya Greenwich, ziara ya saa 3 asubuhi, ambayo kompyuta huiandika 9:00, itaonekana 6:00. Naye anayeandika 3:00 akimaanisha saa 3 asubuhi, atakuwa amepanga kikao cha saa 9 usiku. Ni lazima mfumo uwekwe kwenye saa za Afrika Mashariki kabla ya kuingiza miadi ya zamani.

La pili ni miadi inayojirudia. Kompyuta huhesabu wiki. Bahari hufuata mwezi. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ziara iliyoagizwa ijirudie kila wiki 2 huitangulia bamvua kidogo kidogo, na kabla ya miezi 5 kwisha huangukia maji mafu. Dawa yake ni kuingiza tarehe moja moja kutoka jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka husika. Sikukuu za Idd nazo zisiachiwe kompyuta, kwa kuwa hutegemea mwandamo wa mwezi.

Mwisho, ateuliwe mtumishi mmoja wa kulinganisha kalenda mpya na ya zamani, na daftari la miadi lisitupwe hadi mwezi mzima upite bila kasoro. Aidha, mabadiliko ya tarehe yawafikie wakulima kwa simu, kwani kalenda hiyo wao hawaioni.

Wakuu wa ofisi wasiwaachie mafundi wa kompyuta peke yao kazi hii. Fundi anaijua mitambo. Siku ya bamvua anaijua mkulima, naye ndiye wa kuulizwa kwanza.