Ipe Picha Sura ya Zamani, Usiipe Umri wa Uongo

Wafanyabiashara wenzangu, hasa nyie mnaouza kadi, picha za ukutani, mifuko na fulana zenye picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar, leo tuongelee hii tabia ya kuipa picha rangi ya kahawia ionekane ya zamani. Wapo wanaosema ni ushamba, wapo wanaosema ni utapeli. Mimi nasema ni kazi halali kabisa. Na siku nzuri ya kuifanya ni ile ambayo wengi wenu mnarudisha simu mfukoni: siku ya ukungu mwepesi, jua halionekani, anga lote jeupe.

Kwa nini siku hiyo? Wapiga picha wengi wa miaka ya 1800 walitumia vioo vilivyopakwa dawa, na dawa ile ilikuwa inashika zaidi mwanga wa bluu. Anga likawa linaiunguza kupita kiasi, linatoka jeupe tupu. Ndo maana kwenye picha nyingi za enzi zile huoni mawingu. Siku ya ukungu unapewa weupe ule ule bure. Halafu unyevu ulioko hewani unatawanya mwanga, vitu vya mbali vinafifia, nyeusi inakuwa kijivu. Hayo ndo mambo ambayo filta inahangaika kuyatengeneza. Ukipiga saa 6 mchana kwenye jua kali, bahari ya bluu na vivuli vya kukata kama kisu, kisha ukapaka kahawia juu, unapata picha ya jana iliyomwagikiwa chai.

Ila ukungu una mtego wake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Ukuta mweupe, anga jeupe, picha inakuwa uji. Dawa yake ni kutafuta kitu cheusi kilicho karibu: mlango wa kuchonga, nguzo, au mdomo wa kichochoro chenye giza. Hicho kikae mbele, nyumba za mbali ziache zipotelee. Gusa ukuta kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga kidogo, ili mabaka na nyufa zisipotee. Mabaka hayo ndo uzee wenyewe, na hakuna filta inayoweza kuyatengeneza vizuri zaidi ya mvua na chumvi ya bahari. Na kama kuna mtu kakaa barazani, muombe ruhusa kwanza. Akikataa, subiri aondoke au hama.

Ukifika nyumbani fungua programu yoyote ya kuhariri picha, hata Snapseed ya bure inatosha. Punguza rangi mpaka ibaki kidogo sana. Ongeza ujoto kidogo. Inua nyeusi iwe kijivu cha giza. Weka chembechembe chache. Basi. Usiguse kitufe cha kuondoa ukungu, maana leo huo ndo mtaji wako. Na usiweke mikwaruzo, madoa wala kingo zilizochanika. Hapo unatoka kwenye urembo unaingia kwenye kughushi.

Na hapa ndo nataka tuelewane. Kuna watu wakishamaliza kuhariri wanaandika chini: "Zanzibar 1890, picha adimu." Picha ya wiki iliyopita! Wanadhani mteja hajui. Chukua mfano wa Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mwanzoni mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele ya jumba. Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896 mnara ule ukaharibika, na kwenye matengenezo ya 1897 mnara mpya wa saa ukawekwa kwenye jengo lenyewe. Yani mtu anayejua akiona mnara uko juu ya jengo, anajua picha si ya 1890. Sekunde moja tu umeumbuka. Na tarehe 25 Desemba 2020 mnara huo nao ukaporomoka pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya jumba. Mji huu una tarehe zake kwenye kuta. Ukimdanganya mteja, kuta zitakusema.

Utaniambia mteja anataka kitu kizuri tu, mwaka haujali. Baadhi ndiyo. Lakini fikiria wanunuzi wetu walioko Muscat au London, ambao wazazi wao waliondoka Zanzibar baada ya 1964. Mtu wa hivyo hanunui pambo. Anaitundika sebuleni na kuwaambia wanawe, hapa ndipo babu yenu alipokuwa anapita. Ukimuuzia tarehe ya uongo, umemharibia kumbukumbu ya familia kwa bei ya kadi moja. Siku akigundua, hela utarudisha, ila jina hulirudishi. Sisi wa mtandaoni hatuna kaunta wala sura ya kumuonyesha mteja. Tuna maneno tuliyoandika chini ya picha, basi.

Kwa hiyo andika ukweli, na uandike kwa kujiamini: "Mji Mkongwe, Zanzibar. Imepigwa kwa simu asubuhi ya ukungu, ikapewa rangi ya zamani." Weka na mwaka uliopiga. Picha ya asili ihifadhi bila kuigusa, mteja akiuliza umuonyeshe. Na kama unauza mfuko au fulana, bidhaa yenyewe ipige kwa rangi zake halisi, filta iishie kwenye picha iliyochapwa juu yake. Mteja akipokea mzigo akute kile alichokiona.

Wala usiogope kwamba ukweli utapunguza bei. Mji unabadilika, jengo lililopo leo kesho linaweza lisiwepo. Picha yako yenye mwaka sahihi, miaka 50 ijayo itakuwa ya zamani kweli, bila filta. Ile yenye mwaka wa kubuni haitakuwa ushahidi wa kitu chochote.

Anga likiwa jeupe kesho, toka na simu yako.