Programu Moja, Majibu Mawili
Programu ya Python inayochambua vipimo vingi vya maabara huweza kugawa kazi kwa michakato kadhaa ili kuharakisha majibu. Kwenye Linux, kwa miaka mingi, mchakato mpya ulirithi kumbukumbu ya mzazi wake. Kwenye Windows huanza mtupu na kuisoma programu upya. Hivyo kikomo cha sukari ya damu kilichorekebishwa programu ikiwa imeshaanza huweza kupotea huko kimyakimya, na mgonjwa yule yule akahesabiwa mzima hapa, mwenye kisukari pale. Nayo desturi hubadilika: macOS iliacha urithi huo katika Python 3.8, mwaka 2019. Linux katika 3.14, mwaka 2025. Hospitali isipokee programu iliyojaribiwa chuoni tu. Ijaribiwe kwenye kompyuta za maabara yake yenyewe, kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana.