Uaminifu wa Kristo katika Nchi ya Dhahabu

Tangu Dakta Williamson alipovumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940, hata kufunguliwa mgodi mkubwa wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, nchi ya Wasukuma na majirani zao Wasumbwa na Wazinza, ambayo zamani ilihesabu neema kwa wingi wa ng'ombe na mvua, imezoea kuihesabu kwa gramu. Na kijiji kinachozuka leo penye tetesi ya mwamba mzuri, kwa maturubai, makarasha ya kusaga mawe na vibanda vya mama lishe, huweza kuhamwa msimu ujao, mashimo ya maduara yakabaki wazi. Hata migodi ya makampuni haina umri mrefu: Buzwagi ya Kahama ilifunguliwa mwaka 2009, ikafungwa mwaka 2021.

Mahali penye mageuzi ya kasi namna hii, Mkristo akisema kuwa Kristo ni mwaminifu, husema nini hasa? Swali hili si la wanazuoni wa dini peke yao, kwa kuwa jawabu lake huonekana sokoni, shimoni na mahakamani.

Liko jawabu jepesi lenye wapenzi wengi: kwamba atoaye sadaka na kupakwa mafuta ya upako atafunguliwa mwamba, na asiyefunguliwa imani yake ina kasoro. Si ajabu likivutia, maana mchimbaji mdogo hana mshahara. Hufanya kazi kwa mgawo wa mifuko ya mawe, na huenda mifuko hiyo isitoe kitu. Lakini likipimwa kwa insafu, jawabu hili huifanya imani kuwa hirizi, na nchi hii inajua gharama ya hirizi. Watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa Kanda ya Ziwa kwa uzushi kuwa viungo vyao huleta utajiri. Na mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14 wa Bukombe. Mhubiri wa mafuta hakuimwaga damu hiyo, wala si haki kumtwika. Ila mtu aliyefundishwa kumpima Mungu kwa faida, siku faida ikikawia, hashindwi kubisha hodi kwa mganga.

Tena jawabu hilo halistahimili msiba. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na ilikuwa wajibu kushukuru. Lakini kama uaminifu wa Kristo ni kuokolewa na kifusi, basi tutawaambia nini wajane wa wale ambao kifusi hakikuwarudisha: kwamba Yeye aliwahini? Injili haifundishi hivyo. Inamhadithia aliyewagusa wenye ukoma waliokimbiwa na watu, akakaa na wanafunzi ambao baadaye walimwacha, na mwenyewe hakuepushwa na mauti. Uaminifu wake, basi, ni kutoondoka.

Watasema wengine kwamba kutoondoka hakumshibishi mwenye njaa. Hoja hii ina uzito, na ingetushinda kama kutoondoka kungekuwa maneno matupu. Lakini hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, kabla almasi ya Mwadui haijajulikana, ingali ikipokea wagonjwa wa Shinyanga, ilhali mgodi wa Buzwagi haukudumu hata miaka 15. Huo ndio uaminifu unaoonekana kwa macho: wenye dawa, kitanda na mtu wa zamu usiku.

Kwa hiyo makanisa ya ukanda huu, yakitaka kumshuhudia Kristo asiyegeuka, hayana budi kuacha kushindana na waganga katika kuuza bahati. Mchungaji na aulize waumini wake wenye mashimo kama matimba ya kuzuia kifusi yanafaa, na kama wanaochoma dhahabu hawavuti moshi wa zebaki pamoja na watoto wao. Na amtetee mtoto mwenye ualbino kabla polisi hawajaitwa. Dhahabu itakwisha, na wageni watafunga mizigo yao. Kanisa litakaloaminiwa siku hiyo ni lile lililokuwa likizika maskini na kuuguza wagonjwa wakati dhahabu ingali nyingi.