Moshi wa tairi na kifua cha mtoto

Mama au mlezi, kila matairi yanapochomwa karibu na nyumbani, huenda unajiuliza: huu moshi una nini ndani yake? Jibu linaanzia kiwandani.

Mpira mbichi hutokana na utomvu wa mti. Kwenye joto hulainika na kunata, kwenye baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unakuwa imara. Salfa huzifunga nyuzi za mpira pamoja, kama mshono. Ndiyo maana tairi huhimili jua, mawe na mzigo.

Lakini mshono huo haufumuki kirahisi. Tairi kuukuu haliyeyushwi na kuundwa upya kama ndoo ya plastiki. Hivyo matairi hurundikana, na mengine huchomwa: ili kupata waya wa kuuza kama chuma chakavu, au barabarani wakati wa maandamano, kama ilivyokuwa Kenya Juni 2024. Yanapoungua, salfa hugeuka gesi ya salfa dioksidi, inayowasha koo na kubana njia za hewa. Masizi na sumu nyingine hutoka pamoja nayo.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu hupumua haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Mwenye pumu anaweza kubanwa ndani ya dakika chache.

Ufanye nini?

- Mwondoe mtoto kwenye moshi kwanza. Ukishindwa kutoka, funga milango na madirisha hadi upite.
- Usitegemee kitambaa wala maziwa. Kitambaa hakizuii gesi vya kutosha, na maziwa hayasafishi mapafu.
- Mwenye pumu apewe dawa ya kuvuta aliyoandikiwa.
- Usiwashie jiko kwa kipande cha tairi.

Nenda kituo cha afya mara moja mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au midomo ikiwa ya bluu.

Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayowapa wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Sheria hiyo itamlinda mtoto wako pale tu tairi kuukuu litakapokuwa na pa kupelekwa. Kwenye baraza lijalo, simama uulize: matairi ya mtaa wetu yanaishia wapi?