Dakika ya Kwanza ya Mtoto

Juma hili nataka tuzungumze habari za mwanasesere.

Msicheke. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, upande wa Kahama, pamoja na akina mama waliokuwa wakingoja zamu. Dirishani tukawaona wauguzi wawili wameinamia mtoto wa mpira. Mmoja anampulizia hewa kwa kifuko, mwenziwe anatazama saa. Tukanung'unika: watu wanaumwa, wao wanacheza! Leo naona haya kwa maneno yale.

Maana wengi wetu twadhani mkunga akiisha kupewa cheti, elimu yake imetimia. Sivyo. Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto azaliwaye bila kuvuta pumzi. Walipojaribiwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri. Lakini chumbani mwa kuzalia mambo yakabaki yale yale. Lo! Na sisi tumelipia semina ngapi za namna hiyo, posho na soda juu yake!

Wa Haydom hawakuficha habari hiyo, waliichapisha. Nao wakageuza njia: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila juma, mle mle kazini, na dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hadi 7 hivi katika kila 1,000.

Kwani kuna siri gani? Katika watoto 100 wazaliwao, wapata 10 huhitaji kusaidiwa kuanza kupumua. Wengi wao hukaushwa na kusuguliwa mgongo, wakalia. Wachache hawaamki kwa hayo, na hao yafaa wapuliziwe kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Hapo hakuna nafasi ya kufungua kitabu. Mkono ndio ukumbuke, na mkono usiotumiwa husahau. Vivyo hivyo kwa mama avujaye damu akiisha kujifungua.

Njia hiyo ikaletwa kwetu katika mpango uitwao Safer Births, kati ya mwaka 2021 na 2023, katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Kila kituo kilikuwa na waalimu wake, wafanyakazi wa pale pale, nao waliketi na wenzao kutazama hesabu zao wenyewe: wangapi wamezaliwa, wangapi tumewapoteza, na kwa nini. Hesabu za akina mama wapata 281,000 zilitolewa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, na Dakta Benjamin Kamala wa Haydom akiwa mbele ya waandishi. Vifo vya akina mama vilipungua kutoka 240 hivi hadi 60 hivi katika kila uzazi 100,000. Vifo vya watoto, pamoja na wale waliozaliwa wamekufa, vilitoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000.

Nisiwadanganye, mikoa yote haikupata sawa. Tena mwanasesere hamsaidii mama aliyekwama njiani usiku, juu ya pikipiki, akitoka machimbo ya dhahabu huko Geita. Baba, nauli hiyo ni kazi yako, nayo iwekwe kando kabla ya mwezi wa tisa.

Zamu yangu ilipofika, nilimwomba muuguzi radhi. Akacheka, akanipa kile kifuko nijaribu. Nikabana uso wa mwanasesere, nikaminya kwa nguvu zangu zote. Hewa ikatoka pembeni. Kifua chake hakikuinuka hata mara moja, na dakika ikaisha.